Miguu ya Mzee na Figo Zake: Nafasi ya Mazoezi katika Ugonjwa Sugu wa Figo

Ugonjwa sugu wa figo hauna maumivu yake maalumu, hauleti homa, na kwa miaka mingi unaweza kuendelea mwilini bila mwenye nao kujua, kwa sababu kila figo yenye afya ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na mwili huweza kupoteza sehemu kubwa ya vichujio hivyo kabla dalili yoyote haijaonekana. Madaktari huhesabu kwamba mtu ana ugonjwa huo endapo kwa zaidi ya miezi mitatu kasi ya figo zake kuchuja damu imekuwa chini ya mililita 60 kwa dakika, kwa kipimo kilicholinganishwa na ukubwa wa mwili, au endapo kuna alama nyingine ya kudhurika kwa figo, hasa protini inayovuja katika mkojo. Kijana mwenye afya huchuja kati ya mililita 90 na 120 kwa dakika. Anayeshuka chini ya 15 huwa amefika daraja la tano na la mwisho, ambapo usafishaji wa damu kwa mashine, yaani dialisisi, au upandikizaji wa figo huanza kuzungumzwa. Duniani kote, takribani mtu mzima mmoja katika kila kumi ana ugonjwa huu katika daraja mojawapo, na uwezekano wa kuupata huongezeka kadiri umri unavyosogea.

Mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa mzee aghalabu huishia kwenye namba hizo, na familia nayo hurudi nyumbani ikiwa imeshika namba hizohizo. Hata hivyo, wazee wengi wenye ugonjwa huu hawafiki kamwe kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa maradhi ya moyo na mishipa huwatangulia. Na kabla ya hapo wengi wao hupoteza kitu ambacho hakuna karatasi ya maabara inayokiandika, nacho ni uwezo wa kwenda wenyewe. Kuinuka kutoka kwenye mkeka baada ya sala, kuchuchumaa na kusimama katika choo cha shimo bila kushikwa mkono, kupandisha mguu kwenye ngazi ya daladala: hivi ndivyo vipimo ambavyo mzee hujipimia mwenyewe kila siku, na vyote hutegemea misuli ya mapaja na makalio kabla ya kutegemea kitu kingine chochote. Utafiti wa tiba katika miongo mitatu iliyopita umeonyesha kwa uwazi unaoongezeka kwamba misuli hiyo huliwa na ugonjwa wa figo, kwamba mapumziko huzidisha upotevu huo, na kwamba mazoezi yaliyopimwa vizuri huweza kurudisha sehemu yake hata kwa mtu aliyevuka miaka sabini.

Ili kuelewa kwa nini figo ziharibu miguu, inafaa kuanza na asidi. Chakula cha kila siku, hasa chenye protini ya nyama, huzalisha asidi mwilini, na ni kazi ya figo kuitoa. Zinapochoka, asidi hubaki kwenye damu, na mwili hutafuta njia nyingine ya kuizimua: misuli huvunjwavunjwa ili itoe glutamini, moja ya vijenzi vya protini, ambayo figo huitumia kutengeneza amonia inayosaidia kubeba asidi hadi kwenye mkojo. Mwili unaofanya hivyo ni kama mwenye nyumba aliyeishiwa kuni akaanza kung'oa milango yake mwenyewe ili apate moto wa kupikia. Watafiti, akiwemo daktari William Mitch wa Marekani ambaye alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, walionyesha kwamba asidi iliyozidi huamsha ndani ya chembe za misuli mfumo maalumu wa kuvunja protini, mfumo ambao katika hali ya kawaida huondoa tu protini zilizochakaa, lakini ukishaamshwa kupita kiasi huanza kuvunja hata zile zinazofanya kazi. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hupewa vidonge vya bikabonati, ambavyo lengo lake ni kupunguza asidi hiyo.

Asidi haifanyi kazi peke yake. Insulini, ambayo pamoja na kushusha sukari huamuru misuli ijenge protini, huitikiwa kwa uzito na mwili wa mgonjwa wa figo; uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usioonekana lakini unaopimika katika damu, huwa juu muda wote; hamu ya kula hupungua; vitamini D hushuka kwa kuwa ni figo zinazoipa umbo lake la mwisho; na damu yenyewe hupungua kwa sababu homoni ya erithropoietini, inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, hutoka kwenye figo. Juu ya yote hayo umekaa uzee, ambao hata bila ugonjwa wowote hupunguza misuli mwaka hadi mwaka, hali ambayo wataalamu huiita sakopenia inapofikia kiwango cha kupunguza nguvu na utendaji. Mzee mwenye ugonjwa wa figo kwa hiyo hupungukiwa na misuli kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na uchovu anaoulalamikia una mizizi inayoweza kupimwa. Kumwambia kwamba ni uzee tu ni kumnyima tiba.

Uchovu huo humfanya akae, na kukaa huondoa misuli zaidi. Hapa mila njema zinaweza kusaidia ugonjwa bila kukusudia, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki heshima kwa mzee hupimwa kwa jinsi anavyopunguziwa kazi: wajukuu humletea maji alipo, kiti husogezwa barazani, chakula huandaliwa mbele yake, na anaposhika ufagio huambiwa mara moja auache. Mzee akishatangazwa kuwa ni mgonjwa wa figo, upendo huo huongezeka maradufu, na baada ya miezi michache ya kuhudumiwa hivyo hushindwa kweli kufanya yale aliyozuiwa kuyafanya. Hakuna anayestahili kulaumiwa kwa hili, lakini madhara yake ni makubwa kiasi kwamba familia inastahili kuambiwa waziwazi.

Hofu ya mazoezi haikutoka kwa familia peke yao. Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliamini kwamba mgonjwa wa figo apumzike, na imani hiyo ilikuwa na msingi wake. Mtu anapopumzika, figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Anapofanya kazi nzito, damu huelekezwa kwenye misuli na ngozi, na mgao wa figo hushuka sana. Baada ya mazoezi makali, protini pia huweza kuonekana kwenye mkojo hata kwa mwanariadha mwenye afya kamili. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba figo zilizokwisha kudhoofika zingedhurika zaidi kwa mtikiso huo. Ilichukua miaka kuthibitishwa kwamba mabadiliko hayo ni ya saa chache, kwamba hayaachi kovu, na kwamba wagonjwa wanaofanya mazoezi ya kiasi kwa miezi na miaka hawaonyeshi kuharibikiwa na figo kwa kasi kuliko wasiofanya. Kilichobaki kutoka kwenye hofu ile ni ushauri mdogo wenye manufaa: mtu anayetarajia kupimwa protini kwenye mkojo asifanye mazoezi makali siku moja kabla, ili majibu yasidanganye.

Mojawapo ya majaribio yaliyobadili mtazamo lilifanyika Boston, Marekani, chini ya Carmen Castaneda wa Chuo Kikuu cha Tufts, na likachapishwa mwaka 2001. Washiriki walikuwa 26 tu, wote wakiwa na zaidi ya miaka 50, wote wakiwa na figo zilizodhoofika lakini bado hawajafika kwenye mashine, na wote wakila chakula chenye protini kidogo kama wagonjwa wa figo walivyokuwa wakishauriwa ili kupunguza mzigo wa figo. Chakula cha namna hiyo kina hatari iliyo wazi, kwa kuwa kinapunguza mali ghafi ya kujengea misuli kwa mtu ambaye misuli yake inavunjwa tayari. Kura iliamua nani afanye mazoezi ya nguvu, yaani kusukuma na kuvuta uzito kwenye mashine maalumu mara tatu kwa wiki, na nani afanye mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya wiki 12, nguvu za waliosukuma uzito zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 32, ilhali wenzao walikuwa wamepungukiwa kwa asilimia 13, na vipande vidogo vya msuli vilivyochukuliwa na kutazamwa kwa darubini vilionyesha nyuzi za misuli zilizonenepa kwa waliofanya mazoezi. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, na hilo lazima lizingatiwe. Lakini tofauti ya pande mbili, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka ndani ya miezi mitatu tu, ilitosha kuonyesha kwamba misuli ya mgonjwa mzee wa figo haijafa, na kwamba ikipewa sababu ya kukua hukua hata pale chakula kinapokuwa kimebanwa.

Ushahidi mpana zaidi ulitoka katika utafiti uliojulikana kama LIFE, uliofanyika katika vituo vinane nchini Marekani na kutolewa matokeo yake mwaka 2014 chini ya uongozi wa Marco Pahor. Utafiti huu unastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu haukuwachagua wazee hodari. Washiriki 1,635, wenye umri kati ya miaka 70 na 89, walichukuliwa kwa sharti kwamba wawe watu wa kukaa na wawe tayari na udhaifu wa miguu unaopimika, ila waweze kutembea mita 400 ndani ya dakika 15 bila kusaidiwa. Nusu yao walihudhuria madarasa ya elimu ya afya. Nusu nyingine walifundishwa kutembea, wakilenga kufikia hatua kwa hatua dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu za miguu kwa kufunga vizito vidogo kwenye vifundo, na mazoezi ya mizani ya mwili na kunyumbuka. Walikwenda kituoni mara mbili kwa wiki na siku nyingine walifanya nyumbani. Swali lililoulizwa lilikuwa la wazi kabisa: baada ya miaka kadhaa, nani bado anaweza kutembea zile mita 400? Kwa wastani wa miaka 2.6 ya ufuatiliaji, asilimia 35.5 ya waliopewa elimu tu walikuwa wamepoteza uwezo huo, dhidi ya asilimia 30.1 ya waliofanya mazoezi.

Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Michael Shlipak walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa ya washiriki 1,199 wa utafiti huo na kuuliza swali jingine: je, figo zao zilikwendaje? Jibu lilikuwa kwamba ndani ya miaka miwili, waliofanya mazoezi walipoteza uwezo wa kuchuja kidogo kuliko wenzao, kwa tofauti ya wastani wa mililita 0.96 kwa dakika. Namba hiyo ni ndogo, na mtu asiitumie kuahidi miujiza, kwa kuwa figo zilizokufa hazifufuki kwa kutembea. Lakini ikiwekwa karibu na ukweli kwamba uzee wenyewe huondoa takribani mililita moja kila mwaka, huonekana kwamba mzee wa miaka 78 aliyetoka barazani na kuanza kutembea alipunguza sehemu inayohesabika ya upotevu ambao ungemfika vyovyote vile. Dawa chache zinazotolewa kwa ajili ya mwendo wa miguu zinaweza kudai kwamba ziligusa na figo pia.

Namna figo zilivyopimwa katika uchambuzi huo inafundisha jambo ambalo kila mgonjwa anayeanza mazoezi anapaswa kulijua. Kipimo cha kawaida hospitalini hutegemea kreatinini, taka inayotokana na misuli yenyewe na kuondolewa na figo; kreatinini ikipanda katika damu, hukisiwa kwamba figo zimepunguza kuchuja. Ukadiriaji huo hufanya kazi vizuri kwa mtu mwenye misuli ya wastani, lakini hudanganya pande zote mbili kwa mzee. Aliyekonda akabaki ngozi na mifupa hutoa kreatinini kidogo, hivyo namba zake huonekana nzuri hali figo zake ni mbovu. Aliyefanya mazoezi kwa miezi sita na kujenga misuli hutoa kreatinini zaidi, hivyo namba zake zinaweza kuonekana kuharibika hali figo zake zimebaki palepale au ni bora kidogo, na inawezekana kabisa akaambiwa aache mazoezi kwa sababu ya mafanikio ya mazoezi hayo. Watafiti wa mwaka 2022 waliepuka mtego huu kwa kupima sistatini C, protini ndogo inayotolewa na karibu chembe zote za mwili na isiyotegemea sana wingi wa misuli. Kipimo hicho ni ghali zaidi na hakipatikani kila mahali; pasipo nacho, daktari anayesoma majibu ya mzee anayefanya mazoezi atazame pia mkojo, shinikizo la damu, uzito na jinsi mgonjwa anavyotembea, asihukumu kwa namba moja.

Kwa waliokwisha fika kwenye mashine, hali ni ngumu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wakazi 3,702 wa nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani walioanza kusafishwa damu, na kukuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 58 walikuwa wamefariki, na ni asilimia 13 tu waliokuwa wamehifadhi uwezo waliokuwa nao wa kujihudumia kabla ya kuanza. Hao walikuwa wazee dhaifu mno tangu mwanzo, na haifai kuwachukulia kuwa mfano wa kila mgonjwa, lakini takwimu hizo zinaonyesha kwamba mashine husafisha damu bila kurudisha miguu. Mgonjwa anayekaa kwenye mashine saa nne, mara tatu kwa wiki, huwa amelala au ameketi zaidi ya saa 600 kwa mwaka, bila kuhesabu saa za uchovu zinazofuata kila kikao.

Nchini Italia, utafiti uitwao EXCITE, uliochapishwa mwaka 2017, ulijaribu dawa rahisi kabisa kwa wagonjwa 296 wa dialisisi: kutembea nyumbani mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara, siku tatu za wiki ambazo hakuna mashine, kwa mwendo uliopimwa kwa mlio wa kifaa kidogo cha kuhesabia mapigo kama kile wanachotumia wanamuziki. Baada ya miezi sita, umbali ambao waliotembea waliweza kuumaliza kwa dakika sita ulikuwa umepanda kutoka mita 328 hadi 367, ilhali wenzao walitoka mita 321 hadi 324, yaani karibu palepale. Muda wa kusimama na kuketi kitini mara tano nao ulishuka kwa waliotembea kutoka sekunde 20.5 hadi 18.2. Hakuna chumba cha mazoezi kilichojengwa wala mashine iliyonunuliwa.

Njia nyingine ni kuendesha baiskeli iliyofungwa mbele ya kitanda wakati damu inasafishwa, na hapa matokeo yamegawanyika kwa namna inayofaa kusemwa bila kuficha. Jijini Leicester, Uingereza, wagonjwa walioendesha kwa miezi sita walipungukiwa na uzito wa msuli wa chumba cha kushoto cha moyo kwa wastani wa gramu 11.1 ukilinganisha na wenzao, na hilo ni jema sana, kwa sababu kuzidi kwa uzito huo ndiko kunakotangulia vifo vingi vya wagonjwa wa dialisisi. Lakini jaribio jingine kubwa la nchi hiyohiyo, lililoitwa PEDAL na kuchapishwa mwaka 2021, halikuona tofauti katika ubora wa maisha ambao wagonjwa walijieleza nao, na wengi hawakumaliza vipindi walivyopangiwa. Vituo vinavyofanya hivi huweka mazoezi katika saa mbili za kwanza za kikao, kwa sababu baadaye, maji yanapokuwa yamevutwa kutoka mwilini, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla.

Mazoezi yenyewe, kwa mzee ambaye bado hajafika kwenye mashine, hayahitaji zaidi ya kiti, ukuta na njia ya kutembea. Shirika la kimataifa linalotunga miongozo ya tiba ya figo, KDIGO, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kiasi, au kiwango ambacho moyo na mwili wa mgonjwa vinakiweza, na maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa wazee, kwa kuwa aliyekaa mwaka mzima huanza kwa dakika tano asubuhi na tano jioni. Kiasi cha juhudi hupimwa vizuri zaidi kwa hisia kuliko kwa mapigo ya moyo, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo zinazotumiwa na wagonjwa hao huzuia mapigo yasipande, hivyo saa ya mkononi inaweza kuonyesha utulivu hali mtu amechoka. Gunnar Borg wa Sweden alitunga kipimo cha hisia kinachoanzia 6 hadi 20, na mazoezi ya wagonjwa wa figo kwa kawaida hulengwa kati ya 11 na 13, yaani juhudi inayoonekana nyepesi hadi nzito kiasi. Asiyejua namba hizo anaweza kujipima kwa mdomo wake: awe na uwezo wa kutoa sentensi nzima kwa anayetembea naye, lakini asiwe na pumzi ya kuimba.

Zoezi la kiti linastahili maelezo kwa sababu ni kipimo na dawa kwa pamoja. Kiti imara kisicho na magurudumu huegemezwa ukutani. Mzee huketi karibu na ukingo wake, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu sawasawa na nyuma kidogo ya magoti, hukunja mikono kifuani, huinamisha kiwiliwili mbele, na kusimama hadi magoti yanyooke, kisha hurudi chini polepole bila kujitupa. Kushuka polepole ndiko kunakojenga misuli zaidi, na ndiko ambako wengi hukuruka. Anayehitaji zaidi ya sekunde 15 kumaliza mara tano huhesabiwa na wataalamu wa Ulaya kuwa na dalili ya upungufu wa nguvu. Asiyeweza kabisa bila mikono huanza kwa kujishikiza kwenye mikono ya kiti au kwa kuongeza mto wa kuketia, na mto huondolewa miguu inapopata nguvu. Kutoka hapo huongezwa kusimama kwa vidole huku ameshika ukuta, kuinua mguu kando, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kwa sababu mifupa ya wagonjwa wa figo huvunjika kwa urahisi na kila anguko linaloepushwa lina thamani.

Tahadhari nazo zipo, na baadhi ni za mazingira ya pwani na miji ya joto. Asubuhi kabla ya jua kupanda au jioni baada ya alasiri ndiyo saa ya kutembea, kwa kuwa upungufu wa maji hudhuru figo moja kwa moja. Lakini kiasi cha kunywa si kimoja kwa wote, maana aliyepangiwa maji na daktari, hasa mwenye uvimbe au aliye kwenye mashine, hawezi kufuata ushauri wa jumla wa kunywa kwa wingi. Anayechoma insulini apime sukari kabla ya kutoka, kwa sababu figo dhaifu huchelewa kuiondoa insulini mwilini na mazoezi huongeza matumizi ya sukari, na mambo hayo mawili yakikutana sukari huweza kushuka hatari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi akiwa ametulia, homa, au shinikizo lililopanda kupita kiasi ni sababu ya kuahirisha na kumwona daktari. Aliyetengenezewa fistula, yaani mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji ili upitishe damu ya dialisisi, hathubutu kuinua uzito kwa mkono huo mpaka jeraha lipone, ingawa baada ya hapo hushauriwa kufinya mpira laini mara nyingi kwa siku ili mshipa utanuke.

Tahadhari iliyo kubwa kuliko zote haitajwi mara nyingi. Misuli iliyokaa muda mrefu huuma siku mbili za kwanza baada ya mazoezi, na desturi ya wengi ni kwenda dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio vya figo, na kwa mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu, hasa anayetumia pia dawa za shinikizo na za kukojoa, zinaweza kusababisha figo kuzimika kwa siku chache. Mzee anayeanza mazoezi kwa ajili ya figo kisha akaumizwa na kidonge cha maumivu amepoteza zaidi ya alichokuwa akikitafuta. Maumivu hayo hupungua yenyewe, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu husaidia, na parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo iliyo salama zaidi.

Katika Afrika Mashariki, ugumu mkubwa ni kwamba wengi hawajui kama wanaugua. Utafiti wa kijamii uliofanyika Moshi, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, mjini ukifikia asilimia 15.2 na vijijini asilimia 2, na kati ya waliokuwa nao takribani mmoja tu katika kumi alikuwa akifahamu. Ushauri wa mazoezi ukisubiri mgonjwa afike kwa daktari bingwa wa figo, utamkuta amechelewa. Unaweza kutolewa mapema zaidi katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, ambako wengi wa wazee hawa huhudhuria tayari kila mwezi na kusubiri kwa saa nzima kwenye benchi. Muuguzi mwenye kiti na saa anaweza kupima kusimama na kuketi mara tano kwa muda uleule anaotumia kupima shinikizo, akaandika sekunde kwenye kadi, na kuzilinganisha mwezi unaofuata. Thamani ya vipimo kama hivi imethibitishwa: utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 kwa wagonjwa wa figo wasio kwenye mashine uliona kwamba kila upungufu wa mita 0.1 kwa sekunde katika mwendo wa kawaida uliambatana na ongezeko la asilimia 26 la hatari ya kifo.

Kadi hiyo ingesaidia zaidi katika kipindi ambacho mazoezi hukatika. Mzee mwenye ugonjwa wa figo hulazwa mara kwa mara, kwa nimonia, kwa malaria au kwa kuvimba miguu, na siku kumi za kitandani huweza kufuta kazi ya miezi. Anapotoka, familia humwona amedhoofika na kuamua kwamba mazoezi yamemshinda. Kumbe anachohitaji ni kurudi kwenye kipimo cha mwanzo, mto ukirudishwa kwenye kiti na matembezi yakirudi kuwa dakika tano, kisha sekunde zake zilinganishwe na zile zilizoandikwa kabla hajalazwa, kwa wiki sita hadi nane, ndipo iamuliwe kama kuna jambo jingine la kuchunguza.